Kigari cha Mbao na Mkono wa Mzazi

Leo nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni utengenezaji wa vigari vya mbao vya watoto, vile visivyo na injini wala betri, ambavyo hushindanishwa kwa kuachiwa vishuke mteremko kwa uzito wao wenyewe. Hata hivyo, natumai kwamba nitakapofika mwisho mtakubaliana nami kuwa ndani ya kigari hicho mna swali linalomhusu kila mzazi: je, mkono wa mtu mzima unapaswa kuishia wapi katika kazi ya mtoto?

Wasikilizaji wapenzi, anayekaa Stockholm hana budi kujifunza kuishi na giza. Katikati ya mwezi wa Disemba jua huchomoza yapata saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, na huzama kabla ya saa tisa alasiri. Watoto wanaporejea kutoka shule, nje kumekwishakuwa usiku. Ni katika majira hayo ambapo mimi na binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, tuliegemeza ubao mrefu juu ya meza katika ushoroba wa nyumba yetu, tukaanza kuunda vigari vya kushindana juu yake. Mimi nilikulia Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako tulijitengenezea magari ya makopo na kuyatia magurudumu yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu. Kwa hiyo nilijiona kuwa fundi tayari, na hapo ndipo ilipoanzia taksiri yangu, kama mtakavyosikia.

Kabla ya kufika huko, ni vyema tukadokeza asili ya mchezo wenyewe. Waswidi wanalo gari kubwa la aina hii, ambalo mtoto hulipanda na kuliongoza kwa kamba au usukani. Wao huliita lådbil, yaani gari la sanduku, kwa kuwa zamani liliundwa kwa makasha ya mbao. Huko Marekani, mpiga picha wa gazeti aitwaye Myron Scott aliwaona wavulana wakishindana kwa magari kama hayo katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, mwaka 1933. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa, na mwaka 1935 yakahamishiwa mji wa Akron. Wasichana walisubiri hadi mwaka 1971 ndipo waliporuhusiwa kushiriki, na mwaka 1975 msichana akashinda kwa mara ya kwanza. Ama kigari kidogo kinachotosha kiganjani, hicho kilibuniwa mwaka 1953 na Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo huko California, ambaye mwanawe alikuwa bado mdogo mno kuweza kushindana kwa gari la kupanda. Murphy alitaka kazi ambayo baba na mtoto wangeifanya pamoja. Kanuni za kigari hicho ni chache: kipande cha mbao ya msonobari, misumari minne iwe mihimili, magurudumu manne, na uzito usiozidi gramu 142.

Jambo la kwanza nililomweleza binti yangu ni kwamba mteremko haumpendelei mtu. Kigari kinachoachiwa kutoka kimo cha mita 1 kingefika chini kwa mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 16 kwa saa, lau kama kisingepoteza chochote njiani. Huo ndio mtaji ambao mlima humpa kila mshindani, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Kazi yote ya ufundi, basi, si kutafuta nguvu mpya bali ni kuziba mianya inayoivujisha nguvu iliyokwisha kutolewa.

Na mianya hiyo ni mingi. Wa kwanza ni msuguano baina ya msumari na gurudumu. Msumari wa dukani huwa na vijino vidogo chini ya kichwa chake. Hivyo huondolewa kwa tupa, kisha msumari ukasuguliwa kwa msasa laini hadi ung'ae, na mwishowe ukapakwa unga wa grafaiti, madini yale yale yaliyomo katika penseli. Mwanya wa pili ni kwenda upogo. Kigari kisichonyooka hugonga kingo za njia, na kila pigo hula sehemu ya mwendo. Ili kukijaribu, hukisukuma taratibu juu ya sakafu tambarare na kutazama kinakata upande gani, kisha hurekebisha msumari kidogo kidogo. Mwanya wa tatu ni magurudumu mazito, kwani sehemu ya nguvu ya mteremko hutumika kuyazungusha tu badala ya kukipeleka kigari mbele.

Kisha kuna suala la uzito, ambalo ndilo lililompendeza mno binti yangu. Uzito ukikaribia kikomo kilichowekwa, upepo hukizuia kigari kwa shida zaidi. Na uzito huo ukiwekwa nyuma, karibu na mhimili wa nyuma, sehemu nzito huanzia juu zaidi kwenye mteremko, na kwa hivyo hushuka kimo kikubwa zaidi. Lakini ukipindukia, magurudumu ya mbele hayakanyagi sawasawa na kigari huyumba. Tulitumia nati za chuma na gundi, tukizihamisha huku na kule, na kila mara tukiandika matokeo katika daftari.

Wasikilizaji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, pengine wanatabasamu, kwa kuwa mambo haya wao wameyajua kwa miongo mingi kupitia chukudu. Chukudu ni chombo cha magurudumu mawili kilichoundwa kwa mbao, mkaratusi ukiwa mojawapo, na magurudumu yake huvikwa mpira wa matairi yaliyochakaa. Kikipakiwa makaa, viazi au kabichi huko vilimani, hushuka hadi mjini kwa nguvu ya mteremko peke yake, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mji huo umekijengea chombo hicho sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Mwenye chukudu hahitaji kuelezwa kwamba breki ni muhimu kuliko mwendo. Hilo tulikumbuke pia kwa magari ya kupanda, kwa sababu gari linaloshuka kimo cha mita 5 laweza kukaribia kilomita 35 kwa saa. Sheria ya Sweden tangu mwaka 2005 inawataka watoto walio chini ya miaka 15 wavae kofia ngumu wanapoendesha baiskeli, na mzazi mwenye busara hangoji sheria nyingine kwa gari la sanduku.

Sasa nirudi kwenye kisa changu. Kituo kimoja cha vijana mtaani kwetu kilitangaza mashindano madogo ya vigari. Usiku wa kuamkia siku hiyo, binti yangu alipokwishalala, nilikichukua kigari chake ili nikitazame tu. Nikaona msumari mmoja haukung'aa vya kutosha, nikausugua. Nikaona pua ni butu, nikaichonga. Nikazing'oa nati alizozipanga mwenyewe nikazipanga upya, na hata rangi nikaipaka mara ya pili. Nilipoinua macho ilikuwa saa saba za usiku. Kesho yake kigari kilishinda mbio zote. Watu walipiga makofi, nami nikamtazama binti yangu nikitaraji furaha. Alikipokea, akakigeuza, akatazama chini yake mahali zilipokuwa nati zake, kisha akaniwekea mkononi na kusema kwa upole, "Baba, hiki ni chako." Tulirudi nyumbani kwa treni bila ya kuzungumza.

Siku zile nilijifariji kwamba sikuvunja kanuni yoyote. Lakini hebu tutazame yaliyotokea Akron mwaka 1973. Mvulana wa miaka 14 alitawazwa bingwa, na baada ya siku chache akavuliwa ushindi wake. Gari lake lilipokaguliwa ilionekana kwamba puani mwake mlifichwa sumaku ya umeme, iliyowashwa kwa kuegemeza kichwa nyuma, ili ivutwe na bamba la chuma la mahali pa kuanzia wakati bamba hilo linapoangushwa. Mtu mzima wa jamaa yake aliyekuwa akimlea ndiye aliyekiri kuhusika na hila hiyo. Fedheha, hata hivyo, ilimwangukia mtoto mbele ya taifa zima. Mimi sikuweka sumaku, lakini niliposoma habari hizo niliona kwamba mimi na mtu yule tulipanda ngazi moja, isipokuwa yeye alifika kipago cha juu zaidi.

La ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa hapa hapa Sweden. Tangu karne ya 19 shule za nchi hii zimefundisha somo la kazi za mikono liitwalo slöjd, na hadi leo ni somo la lazima, kwa wavulana na wasichana sawasawa, katika mbao, chuma na nguo. Aliyelieneza zaidi ni mwalimu Otto Salomon, aliyeishi kati ya mwaka 1849 na 1907, na ambaye chuo chake cha walimu huko Nääs, karibu na mji wa Göteborg, kilipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Salomon hakukusudia kuwafanya watoto wote maseremala. Alitaka wajifunze kujitegemea, kuwa makini na kuiheshimu kazi. Miongoni mwa mafundisho yake ni kwamba mwalimu aongoze na kuonyesha, lakini ajizuie kutia mkono wake mwenyewe katika kazi ya mwanafunzi. Kijiko kilichopinda lakini kimechongwa na mtoto kina thamani kuliko kilichonyooshwa na mwalimu.

Majira ya baridi yaliyofuata nilimwomba binti yangu radhi, nikamuuliza kama angependa kujaribu tena. Alikubali kwa sharti moja: nishike daftari, si kigari. Basi nikawa mwandishi wake. Msumeno nilimshikia ubao tu, na tupa nilimwonyesha kwa kipande kingine cha mbao. Alipokosea sikumwambia amekosea, bali nilimuuliza, "Unadhani kwa nini kimekata kushoto, mama?" Maswali hayo yalichukua jioni nyingi, ambapo mimi ningemaliza kwa saa moja. Siku ya mashindano kigari chake kilishika nafasi ya nne. Kabla hata ya washindi kutangazwa alikuwa amekipindua juu ya magoti yake akizungusha gurudumu la nyuma na kulisikiliza. "Huu msumari wa kulia, Baba," akasema, "nitauanza huu mwakani." Kigari hicho kimo rafuni mwake hadi leo, na pua yake bado ni butu.

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba inafaa pia kuuliza vimeundwa na nani. Mlima unampa kila mtoto kimo kile kile, na kazi ya kukitumia ni ya mtoto mwenyewe. Mzazi ana wajibu wa kulinda vidole visikatwe na vichwa visivunjike, kuuliza maswali mema, na baada ya hapo kuuweka mkono wake mfukoni, japo unawasha.