Posa, Ukoo na Vinasaba
Posa ikija, wazee wa Kibingo, Tanzania, kama wa kwingi nchini, huchunguza: ukoo ule una kichaa? Si swali la kipuuzi, kwani skizofrenia, moja ya maradhi yanayoitwa kichaa, hurithiwa kwa sehemu. Ila hakuna jeni moja ya wazimu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, kila moja likichangia kidogo mno. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa mara nyingi haugui. Waliopimwa katika utafiti huo wengi wana asili ya Ulaya. Ndiyo maana mradi wa NeuroGAP ulikusanya mate ya kupima vinasaba Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Tanzania haimo, na Uganda ni ng'ambo tu ya daraja la Murongo! Vyuo vyetu viingie kwenye tafiti kama hizi, kwa ridhaa ya wagonjwa, na majibu yasiwafikie washenga.