Port Louis: Mji wa Kutembelewa kwa Miguu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niwaeleze niliyoyaona Port Louis, mji mkuu wa Mauritius. Nitasema kwa ufupi, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia.

Mji ule si mkubwa. Mbele ni bandari, nyuma ni milima, na mlima mmoja una kilele kama kidole gumba. Ndiyo maana Wafaransa waliuita Le Pouce. Mwenye kofia na viatu vizuri aweza kuuzunguka kwa siku moja.

Mimi nilianzia sokoni, nikala dholl puri, yaani chapati laini yenye dengu ndani. Kisha nikapanda kwenye ngome ya Fort Adelaide, ambayo Waingereza walianza kuijenga mwaka 1834. Kutoka huko juu unaiona bandari yote, na upande wa pili uwanja wa Champ de Mars. Hapo mashindano ya farasi yalianza mwaka 1812, na hapo ndipo bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 12 Machi, 1968. Niliposhuka nikaingia makumbusho kuona mifupa ya dodo, ndege asiyeweza kuruka. Waholanzi walifika kisiwani mwaka 1598, na kabla ya karne ya 17 kwisha dodo alikuwa ametoweka duniani.

Lakini ndugu zangu, palipinichukua muda mrefu ni majengo mawili yaliyo karibu na maji.

La kwanza ni Aapravasi Ghat, lililoanza kujengwa mwaka 1849. Hapo walipokelewa vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi, waliokuja kulima miwa. Walikaribia nusu milioni. Kila aliyeshuka aliandikwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Baadaye wakapigwa na picha. Daftari hizo zimehifadhiwa, na mjukuu wa leo aweza kumtafuta humo babu wa babu yake. Mwaka 2006 mahali hapo paliingizwa katika Urithi wa Dunia.

La pili, hatua chache tu kutoka hapo, ni hospitali ya zamani ya jeshi la Wafaransa. Tangu mwaka 2023 ni makumbusho ya utumwa. Na hapa habari inatugusa sisi wa kusini. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watu 1,000 kila mwaka. Kilwa hii hii yetu! Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1835, waliolipwa fidia ni mabwana, si watumwa.

Watu hao nao waliandikwa, lakini kama mali. Wengi waliandikwa kwa majina waliyopewa na mabwana, na waliotoka pwani hii waliitwa "Msumbiji" tu, hata kama walitoka kwingine. Mjukuu wao akiuliza leo kijiji chao, daftari haimjibu.

Vijana, mkipata nafasi ya kwenda Port Louis, nendeni. Maduka ni mazuri na samaki ni watamu. Lakini msiondoke kabla ya kuingia katika majengo yale mawili. Na kabla ya safari hiyo iko kazi isiyohitaji nauli: likizo hii waulizeni babu na bibi majina ya waliowatangulia na vijiji walivyotoka, mkayaandike daftarini. Nanyi wazee wenzangu, jarida letu linapowaomba majina ya wenzenu wa darasa, msione uvivu kuyaleta.

Sasa pilau.