Nani Hulipa Gharama ya Siri?



Wapendwa viongozi wa walei, katika utume wa Haki na Amani tunaletewa habari nyingi kwa siri. Mlinzi wa usiku ameona mpaka wa shamba la mjane ukisogezwa. Karani mdogo ameona jina likifutwa katika daftari. Wote wawili hutujia gizani, nasi hufurahi kuipata habari. Je, huwa tunauliza ni nani atakayeumia siri ikifichuka? Kwa ajili ya swali hilo, tuitazame kambi moja ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwezi Machi 1943, Wajapani waliokuwa wameteka sehemu kubwa ya Uchina ya kaskazini waliwakusanya raia wa nchi adui zao huko Weihsien, mkoani Shandong, mji ambao leo huitwa Weifang. Kambi ilikuwa kituo cha zamani cha misioni ya Wapresbiteri wa Marekani. Watu wapatao 1,500, wafanyabiashara, walimu, mapadre, masista na watoto wengi, waliishi humo nyuma ya kuta na minara ya walinzi.

Kila mmoja alifanya kazi. Wafungwa waliunda kamati zao za chakula, makazi, afya na elimu. Msomi alisukuma pampu ya maji, na mama aliyezoea kutumikiwa alimenya mboga. Chakula kilikuwa haba, mara nyingi uji wa mtama. Maganda ya mayai yalisagwa na watoto wakalishwa unga wake, ili mifupa yao isidhoofike.

Mayai yenyewe mengi yalipitishwa ukutani kwa siri. Padre Patrick Scanlan, mmonaki Mtrapisti, aliyapokea kutoka kwa wakulima wa Kichina, na mlinzi alipokaribia, wamonaki wenzake walianza kuimba nyimbo za kanisa ili kumwonya. Hatimaye alikamatwa, akafungwa peke yake. Wafungwa wenzake walicheka, kwa maana Mtrapisti amezoea ukimya!

Habari nazo zilikuwa na njia yake. Vibarua wa Kichina waliruhusiwa kuingia kuzoa uchafu wa vyoo. Padre Raymond de Jaegher, Mbelgiji aliyekijua Kichina vema, aliwatumia kupitisha barua kwenda nje. Mwezi Juni 1944, Laurance Tipton, Mwingereza, na Arthur Hummel, Mmarekani, walitoroka wakajiunga na wapiganaji wa Kichina. Kutoka huko habari za vita zilirudi kambini kwa siri. Padre de Jaegher naye alitamani kwenda, lakini mkubwa wake alimkataza, akihofia kisasi juu ya wale watakaobaki. Akatii. Na kweli, baada ya kutoroka huko wafungwa walihesabiwa kwa ukali zaidi. Tarehe 17 Agosti 1945 kikosi cha Marekani cha watu saba kilishuka kwa miavuli, na kambi ikakombolewa.

Sasa tupime gharama. Padre Scanlan alitoka kifungoni akarudi kwa wenzake. Hummel baadaye alikuwa balozi wa Marekani nchini Uchina. Lakini miongoni mwa wakulima wa Kichina waliopeleka chakula ukutani, wapo waliopoteza maisha. Mfungwa na mkulima waliuvunja mwiko mmoja. Adhabu zao hazikulingana. Na majina ya wazoa uchafu waliobeba barua ni wachache mno wanaoyakumbuka.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba mayai yale yasingeletwa. Watoto walikuwa na njaa. Hatusemi tunyamaze mbele ya dhuluma. Tunasema kwamba anayenufaika na ujasiri wa mnyonge ana deni kwake. Basi, jina la mleta habari lisiandikwe katika kumbukumbu za kikao wala lisitajwe jumuiyani. Tusimtume kubeba barua mtu ambaye mkate wake umo mikononi mwa mshtakiwa. Twende sisi wenyewe. Na akifukuzwa kazi kwa ajili ya kweli aliyotuletea, watoto wake ni wa parokia nzima, wala tusiiite sadaka: ni malipo ya deni.

Tusipokuwa tayari kulilipa, tusiipokee siri yake. Mungu awabariki.