Bagamoyo: Mji Mkuu wa Zamani na Mizigo ya Babu Zetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, shuleni, Buhongwa, Mwanza)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumzie utumishi wa umma na maendeleo. Nilimjibu kwamba kama anataka wanafunzi wasinzie baada ya pilau, mada hiyo itafaa sana. Akacheka, akaniambia nichague mwenyewe. Basi nimechagua kuwatembeza Bagamoyo. Matembezi yenyewe yalikuwa ya nusu siku tu, nami nitayasimulia kwa kifupi. Mwishoni nitaungama kosa moja nililolitenda nikiwa kidato cha pili katika shule hii hii, na nitawaomba mnisaidie kulirekebisha.

Wengi wenu mnajua kwamba kituo changu cha kazi ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, kabla sijazaliwa; mimi na faili zangu tumehama miaka ya karibuni tu. Kwa hiyo nilipopelekwa Dar es Salaam kwa kazi ya wiki moja, niliona Jumamosi nikautazame mji uliokuwa makao makuu kabla ya Dar es Salaam yenyewe. Maana Dar es Salaam, ambayo leo inanung'unika kwamba imenyang'anywa cheo, nayo ilimnyang'anya mwenziwe mwaka 1891. Mwenziwe huyo ni Bagamoyo.

Tulikuwa watu watano wa ofisi moja. Tulipanda basi Makumbusho asubuhi, na baada ya mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini tukapokewa na kijana wa kutembeza wageni. Ni Mzaramo, mwembamba, mwenye sauti ya kuweza kusomesha darasa la watu mia bila kipaza sauti. Alipotuuliza makabila yetu nami nikasema ni Msukuma wa Mwanza, alinishika mkono akasema, "Mtani wangu! Wewe hulipi kiingilio, unalipa deni." Nikadhani ni mzaha tu. Kumbe alikuwa amekwisha kunipa somo la kwanza, kama mtakavyoona.

Tulianzia Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji. Pale yapo magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo ndefu. Msikiti ulio mkongwe zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kwenye nguzo za makaburi zilipachikwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo, ishara kwamba watu wa pale walifanya biashara na bahari nzima kabla Mjerumani hajazaliwa. Ni Kaole pia ambako Waingereza Burton na Speke walianzia safari yao mwaka 1857. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Agosti, Speke alifika hapa kwetu Mwanza, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Sisi tulikuwa tumeliona zamani, lakini hatukuwa tumepeleka taarifa London.

Kutoka Kaole tuliingia mjini. Tulioneshwa Ngome Kongwe, ambayo ilianza kama nyumba ya Mwarabu tajiri, ikawa ngome, kisha ikawa jela. Tulioneshwa Nyumba ya Liku, ambamo Wajerumani walianza kufanyia kazi zao, na Boma kubwa walilolijenga mwaka 1897. Kijana wetu alitueleza jinsi kampuni ya Wajerumani ilivyojitwalia pwani mwaka 1888, na jinsi watu wa pwani walivyokataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, hata akakamatwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwezi huo huo Stanley alimfikisha Bagamoyo Emin Pasha, aliyekuwa amekwama kule Sudan ya kusini. Wajerumani wakawafanyia karamu. Usiku ule Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka ghorofani. Amevuka misitu na vita salama, akaja kuvunjika kwenye karamu! Kijana wetu anakipenda sana kisa hiki, na wageni hucheka mahali pale pale kila mara.

Tuliiona pia shule ya ghorofa iliyotolewa na Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika kwa kuuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Huyu alitaka shule yake ipokee watoto wa rangi zote, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo. Hata Muhimbili jina lake lipo mpaka leo.

Ndipo tulipofika mahali palipojengwa kwa ajili ya misafara kupumzika. Hapa nawaomba wadogo zangu mnisikilize vizuri, maana sasa tunafika kwetu.

Bagamoyo haikuwa mji mkuu kwa sababu ya Boma. Ilikuwa mji mkubwa kwa sababu ya migongo na mabega ya watu waliotoka bara. Kila mwaka maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma waliteremka pwani wamebeba pembe za ndovu, wakapanda tena na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa, na aibu hiyo haifutiki. Lakini tusichanganye mambo: wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakapatana bei, na wakitendewa vibaya walitua mizigo wakaondoka. Wengine husema jina la Bagamoyo ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani. Wengine husema ni pumzi ya mpagazi aliyefika: bwaga moyo, pumzika, mzigo umefika.

"Mtani," kijana akaniambia, "babu zako walilala hapa, wakala samaki wetu, na wengine walikufa tukawazika. Ndiyo maana tunataniana." Naam, utani wa Wazaramo na sisi umetokana na safari hizo. Mkataba wa karatasi ungekwisha liwa na mchwa. Utani umeishi vinywani zaidi ya miaka mia moja.

Sasa niwape hesabu, kwa kuwa walimu wa hisabati wapo. Tarehe 17 Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300. Walibeba hata mashua, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ichukuliwe mabegani. Tarehe 27 Februari 1875 waliingia Kageye, ufukweni mwa ziwa letu, upande wa Magu. Ni siku 103, na kwa hesabu ya Stanley maili 720. Wengi walioanza hawakufika: wengine walitoroka, wengine waliuawa vitani, wengine waliugua wakafa njiani. Miongoni mwa Waingereza waliofuatana naye, Edward Pocock alikufa njiani na Frederick Barker alikufa Kageye. Majina yao yamo vitabuni. Waliobeba mashua wengi wao hawana hata mstari mmoja.

Kituo cha mwisho kilikuwa misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pana mbuyu mkubwa uliopandwa na mapadre, na shinani unaonekana mnyororo mdogo. Husemwa kwamba mama mmoja wa Kizungu alizoea kumfunga punda wake pale. Akausahau mnyororo, na mti ukakua ukaumeza. Karibu yake upo mnara wa kanisa la kwanza. Ndani ya kanisa hilo mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kabla ya kupelekwa London kuzikwa. Na mmoja wa wenzao, Jacob Wainwright, tunamfahamu vizuri kwa sababu alisoma shule na aliandika kumbukumbu za safari ile. Susi na Chuma walitajwa na wengine. Yeye alijiandika mwenyewe.

Ndugu zangu, mbele ya mnara ule nilishikwa na aibu, na hili ndilo ungamo langu.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya likizo: kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani habari za zamani, aziandike kurasa mbili. Babu yangu alikuwa hai. Alikuwa na kipande cha gamba la konokono wa baharini, kimesuguliwa kikawa cheupe na laini, amekitunga kwenye uzi. Alisema baba yake alikileta kutoka pwani kwa miguu, alipokwenda na mizigo akiwa kijana. Babu aliambiwa juu ya kazi yangu ya shule. Siku tatu mfululizo alikaa chini ya mwembe baada ya chakula cha jioni, akisubiri niende na daftari. Mimi nilikuwa na kitabu, nikaona kumsikiliza mzee ni kupoteza wakati. Nikanakili habari za Livingstone, kuanzia Zambia hadi mnara ule wa Bagamoyo, nikaziita ni simulizi ya mzee. Nikapata alama 18 kati ya 20.

Babu alifariki kabla sijamaliza kidato cha tatu, akazikwa na gamba lake. Mpaka leo silijui jina la baba yake alilotumia safarini, wala alikwenda na msafara wa nani, wala mara ngapi. Nimewauliza shangazi zangu wote. Hakuna anayejua. Ninajua siku aliyoanguka Emin Pasha, lakini sijui siku aliyorudi mzee wangu.

Mji wa Bagamoyo wenyewe ulipungua haraka. Pwani yake ina maji mafupi. Jahazi lilipanda mchangani bila shida, lakini meli kubwa ilitia nanga mbali. Bandari ya Dar es Salaam ina kina, na makao makuu yakahamia huko. Halafu ikaja reli. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na mizigo ya ziwa letu ikageukia huko. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi likafika Mwanza mwaka 1928. Kazi ya mpagazi ikaisha, na mji alioulisha ukabaki na samaki, minazi na kuta zake. Ndivyo cheo cha mji mkuu kilivyo, na nasema hivi nikiwa mkazi wa mji mkuu wa sasa: hukaa mahali ambapo mizigo inafika.

Nawaambia haya si ili tulie. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka Njia ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Someni tena orodha hiyo. Mkono wa njia uliokuja ziwani kwetu haumo. Kageye haimo. Mimi ni mtu wa ofisini, na nawahakikishia kwamba Serikali haiwezi kuorodhesha jambo ambalo hakuna aliyeliletea karatasi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, klabu ya historia ya shule hii ifufuliwe, na kazi ile ya likizo itolewe tena kwa kila kidato cha pili. La pili, kila mwanafunzi aandike jina la mzee anayemhoji, kijiji chake, na majina ya wazazi wa mzee huyo kadiri anavyoyakumbuka, hata kama habari nyingine ni chache. La tatu, nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, na sisi wa zamani tununue kabati la kufungwa kwa ufunguo. Mimi naanza leo kwa kulipa gharama ya daftari mia moja. Mweka Hazina ananiona, hawezi kusema hakusikia.

Na ninyi wadogo zangu: yuko mzee nyumbani ambaye mwaka huu anakaa chini ya mti akisubiri kuulizwa. Hatakuita mara ya pili. Vitabu vya Livingstone vitakuwapo ukirudi.

Jioni ile Bagamoyo, tulipokuwa tunapanda basi, yule kijana aliniuliza, "Mtani, deni umelipa?" Nikamwambia bado, nakwenda kukusanya kwanza Mwanza. Basi nimekuja.