Mwenye Kuamuru Atoe Hesabu

Ndugu wafanya kazi,

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Jioni hiyo wafanya kazi waliokuwa wakingoja feri Likoni, ili wafike makwao mapema, walipigwa marungu na mabomu ya machozi na polisi, hali saa ya amri haijafika.

Sisi tulihesabiwa kila dakika. Wakubwa je?

Septemba 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba KEMSA, shirika la Serikali la kununua dawa, lilitumia shilingi bilioni 7.8 bila kufuata sheria. Vifaa vingi, vilivyonunuliwa kwa bei ya juu, vilikuwa vimelala bohari. Desemba wauguzi wakagoma, kisha madaktari, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Wenzao walikuwa wamekufa kazini.

Hatusemi amri zote zilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini mweka hazina wa tawi letu akikosa risiti ya shilingi 20, husimamishwa mbele ya mkutano akajieleza. Je, mwenye mabilioni asimame mbele ya nani?

Basi, mjumbe akija kuomba kura, tusianze kupiga makofi. Tumwulize kwanza: wakati wa korona ulidai hesabu gani, na nani alirudisha fedha?

Umoja ni nguvu.