Mgeni na Pikipiki Katika Mji wa Hanoi

Habari nitakazosema leo ni za mji ulio mbali, nao ni Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Kijana ye yote atakayekwenda huko kusoma au kufanya kazi hatakaa sana kabla ya kutamani pikipiki, maana mji mzima huenda kwa pikipiki. Baba humpeleka mwanawe shule kwa pikipiki. Mwuza maua hupakia maua yake nyuma hata yeye mwenyewe haonekani. Wachukuzi wa abiria, walio kama bodaboda wa kwetu, chombo chao huitwa kwa maneno yenye maana ya "chombo cha kukumbatia". Aliyepanda nyuma ataijua sababu yake.

Pikipiki ndogo imfaayo mgeni ni ya namna ya Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958. Haina mkono wa klachi. Gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto tu, basi hata asiye fundi hujifunza upesi. Katika miaka ya 1960 ziliingia Saigon kwa wingi, hata jina la Honda likawa kwa watu wa huko ndilo jina la pikipiki yo yote.

Sasa tuje katika kununua. Watu wengi hutazama injini kwanza. Husikiliza mlio, hutazama moshi (ukiwa wa rangi ya samawati, injini inakula oili), huvuta mnyororo waone kama umelegea. Ni vyema. Lakini mimi namshauri mgeni atazame karatasi kabla ya injini. Kila pikipiki ina kadi ndogo ya kuandikishwa, yenye jina la mwenyewe na namba za fremu na injini. Ishike kadi ile, upige magoti, ufute grisi, usome namba zilizopigwa chapa katika chuma, tarakimu moja moja. Zisipolingana, mrudishie mwuzaji kadi yake, umwage kwa adabu, uende zako.

Zamani wageni waliuziana pikipiki mkono kwa mkono, na kadi ikabaki na jina la mtu aliyekwisha kuiuza zamani. Kila mmoja alidhani amepata rahisi. Lakini tangu tarehe 15 Agosti 2023 namba humfuata mtu, haifuati chombo. Anayeuza hurudisha kibao cha namba na kadi kwa polisi, na anayenunua huandikisha upya kwa jina lake. Asiyefanya hivyo amenunua chuma tu. Siku itakapoibiwa, hana la kumwonyesha askari.

Tena kuna leseni. Injini isiyofika cc 50 huendeshwa bila leseni na mtu aliyetimiza miaka 16, lakini iliyozidi hapo haina msamaha. Hati ya kimataifa inayokubaliwa kwa kawaida ni ile ya Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968. Ile ya Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 haitoshi, ingawa kwa macho zafanana. Uliza ungali kwenu. Asiye na leseni halali akivunjika mguu, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa, naye atalipa hospitali kwa fedha yake mwenyewe, mbali na ndugu.

Katika kuendesha, aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania akumbuke kwamba huko hupita kulia. Mkondo wa pikipiki ni kama mto: kila mtu hutazama mbele yake, huenda polepole, hajisimamishi ghafula. Honi hapo si matusi. Maana yake ni "nipo nyuma yako". Mtu wa miguu avukapo, hutembea taratibu bila kurudi nyuma, nawe umpitie pembeni. Lakini basi na lori, uwapishe daima. Taa nyekundu usiichezee: tangu tarehe 1 Januari 2025 faini yake kwa pikipiki ni dong milioni 4 hadi 6, na ilikuwa chini ya milioni 1 au milioni 1 kamili. Pombe nayo, tangu mwaka 2020, hata tone moja ni kosa.

Jambo jingine la kupimwa kabla ya kutoa fedha: mwezi wa Julai 2025 Waziri Mkuu wa Vietnam aliagiza Hanoi ijitayarishe kuzuia pikipiki za petroli ndani ya Barabara ya Mzunguko ya Kwanza kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Basi anayekaa katikati ya mji aulize kwanza bei ya pikipiki ya umeme.

Ukifika sokoni, mlinzi atakupa tiketi na kuandika namba kwa chaki juu ya kiti chako. Usiifute, wala tiketi usiipoteze, kwa kuwa pikipiki yako itakuwa katikati ya mamia yanayofanana nayo, naye mlinzi hajui uso wako.