Mji wa chini ya mlima, kule Martinique

(Maneno yaliyosemwa na mwanamemba mmoja katika mkutano wa chama)



Vijana waliniomba niongee juu ya ile miaka nilitumika katika meli kubwa ya watalii, kule bahari ya Karibea. Wengi wanafikiri nilikuwa natembea tu. Hapana. Mimi nilikuwaka chini, jikoni, mahali hakuna dirisha. Nilisafisha sufuria saa kumi, saa kumi na moja kila siku, miezi nane bila siku moja nzima ya kupumzika. Visiwa vingi nilivijua tu kwa kusikia meli imesimama.

Lakini Martinique nilishuka. Ilikuwa 2015. Mkubwa wangu alinipa saa tano. Wenzangu walibaki karibu na bandari ya Fort-de-France kutafuta intaneti ya bure, waongee na watoto wao. Mimi nilipanda taksi ya watu wengi, sawa zile zetu, nikaenda mpaka Saint-Pierre, karibu kilometa 30. Kule wanasema Kifaransa, basi sikupotea.

Kwa nini Saint-Pierre? Kijana mmoja wa jikoni alinionyesha picha yake: mji mbele, maji kando, mlima wa moto nyuma. Nikasema: lakini hii si Goma?

Zamani Saint-Pierre njo ulikuwa mji mkubwa wa biashara wa kisiwa. Mwezi wa nne 1902, mlima Pelée ulianza kutoa majivu na harufu ya kiberiti. Tarehe 5 Mei, matope yalifunika kiwanda cha sukari na watu waliokuwa ndani. Hata hivyo mji haukuondolewa. Uchaguzi ulikuwa karibu, na watu wa vijijini walikimbilia mjini wakifikiri njo kuna usalama. Tarehe 8 Mei, saa mbili asubuhi, wingu la moto lilishuka. Haikuwa lava sawa yetu, ile mtu anaweza kukimbia mbele yake. Kwa dakika chache watu karibu 28.000 walikufa, na meli bandarini ziliungua. Niliona chumba cha gereza cha mawe mazito, ambamo mfungwa Cyparis alipona, ameungua lakini mzima. Kipo mpaka leo.

Nilikaa pale kwenye ngazi za tiatre iliyobomoka, nikakumbuka Januari 2002. Tulikuwa Birere. Mama alibeba mtoto na sufuria, tukakimbilia Gisenyi. Karatasi zote zilibaki nyumbani. Tuliporudi, lava ilikuwa imefunika kiwanja chetu, na hatukuwa na kitu cha kuonyesha kwamba ni chetu. Jirani yetu aliyekimbia na karatasi zake alijenga tena palepale. Sisi tulipanga, mpaka mama akafa katika nyumba ya watu.

Kuna mama mzee alikuwa anauza matunda. Nikamuuliza: “Mama, hamuogopi kuishi hapa?” Akajibu: “Watu wetu walirudi. Sasa mlima uko na watu wa kuuchunga, na sisi tunajua njia ya kutokea.” Akaniongezea ndizi moja.

Wakati wa kurudi, taksi haikuondoka mpaka ijae, sawa kwetu! Nililipia nafasi mbili za watu ambao hawakuwepo, juu nisiachwe na meli. Franga za siku ile zilikwisha pale.

Wengine wananiuliza: uliwezaje kuacha dola na kurudi chini ya Nyiragongo? Ndugu zangu, kurudi kwetu si ujinga. Ujinga ni kurudi bila kujitayarisha. Tarehe 22 Mei 2021, lava ilipofika Buhene, na tena tarehe 27 tulipoambiwa tuondoke, mfuko wangu ulikuwa nyuma ya mlango: karatasi ya kiwanja, vyeti vya watoto, franga ya safari. Lakini njiani nilikuta familia za humu chamani zikitembea kwa miguu na watoto, mikono mitupu. Nililia, juu nilijua kile wanaenda kukuta.

Basi naomba mambo mawili. Ya kwanza: kila mwanamemba alete fotokopi ya karatasi zake kwa sekretari, na kopi hizo zitunzwe katika mji mwingine, si hapa. Ya pili: sehemu ya mchango wetu wa kila mwezi iwekwe kando kwa transporti ya siku ya kwanza, kwanza kwa wajane na wazee, na isiguswe kwa kitu kingine.

Na ninyi wafadhili, leo hatuwaombi nyumba. Tunaomba mashine moja ya fotokopi na sanduku la chuma lenye kufuli. Mimi mwenyewe nimekwisha leta karatasi zangu. Hizi hapa, sekretari, pokea.